Mashimo kwenye Miguu ya Mamdogo

Ofisini kwetu kuna dada anapaka nywele zake mafuta ya nazi. Siyo haya ya dukani yenye marashi, ni yale ya kupika mwenyewe nyumbani mpaka yakabaki na kaharufu ka kuungua. Akipita tu nyuma ya kiti changu, vidole gumba vyangu vinaanza kuwasha. Sijawahi kumwambia. Nitaanzia wapi kumwambia mtu mzima mwenzangu kwamba nywele zake zinanikumbusha miguu?

Nyie mliokulia mitaa kama yetu mnaujua utaratibu. Mimba ya kwanza, mwanamke anarudi kwao kujifungua. Ikifika mwezi wa saba mume anamleta kwa mama yake na begi lake, anakabidhi, anaondoka. Ndivyo Mamdogo Zuhura, mdogo wake mama yangu, alivyoletwa Chamazi kwa Bibi kutoka Kigamboni alikoolewa. Nilikuwa darasa la tatu. Mie na mama tulikuwa tunaishi hapo hapo kwa Bibi, ila mama alikuwa na meza ya viazi sokoni Tandale, anatoka alfajiri na kurudi magharibi imeshapita, kwa hiyo ya mle ndani mengi tuliyaona sie watatu tu: Bibi, Mamdogo na mie.

Mamdogo hakuwa mtu wa kuumwa. Alichezea timu ya netiboli ya kata mpaka siku anaolewa, na maji alikuwa anabeba ndoo mbili, moja kichwani moja mkononi, huku anapiga soga na mtu wa nyumba ya tatu. Kwa hiyo alipogundua kwamba kadi yake ya kliniki ameisahau Kigamboni, hakuna aliyeshtuka.

"Nitamwambia aniletee," alisema, maana mumewe hakumtajaga kwa jina mbele ya mama yake.

"Kadi ya nini na wewe huumwi?" Bibi akamjibu. "Mie nimezaa sita. Kliniki nimeijua kwa kumsindikiza mtu."

Kilichomnyima Bibi usingizi kilikuwa kingine kabisa. Mwanawe alirudi mwembamba. Mifupa ya mabega ilikuwa inaonekana, na Bibi alipomvua ushungi siku ya kwanza aliguna mpaka nikamsikia nikiwa uani. "Nimewapa mtoto ana mashavu, wananirudishia fito." Kwa Bibi, binti akija kwao kuzaa halafu arudi kwa mumewe amekonda, fedheha siyo ya binti, ni ya mama mtu. Wakwe watasema kwao kuna njaa. Basi akaamua mwanawe hatarudi Kigamboni bila nyama.

Chakula kilichopita nyumba ile miezi ile sijakiona tena mpaka leo. Supu ya kuku asubuhi, ndizi za nazi mchana, samaki ng'onda wa kuchoma, mtindi, na kila baada ya swala uji. Mie nilikuwa nafaidi makombo, sikulalamika. Na kwa kweli chakula kikaitika. Baada ya wiki chache sura ya Mamdogo ikajaa, macho yakaingia ndani ya mashavu, miguu ikawa mizuri minene. Pete ya ndoa ikambana, tukaitoa kwa sabuni, yeye amefumba macho mie navuta. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Ulivishwa ukiwa na njaa hiyo. Mwambie akununulie nyingine."

Majirani walipita kusifu. "Mashallah, Mama Zuhura, mwali kanona." "Una mkono wewe, mie wangu hata ningemlisha ng'ombe mzima." Bibi alikuwa anajibu "Ya Mungu hayo" kwa sauti ndogo, lakini mie niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja najua alivyokuwa anatabasamu gizani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ikaonekana.

Kazi yangu mie ilikuwa kukanda. Nikirudi shule, nikishakula, natandika mkeka barazani, Mamdogo anaegemea ukuta, ananyoosha miguu mapajani kwangu, nami namkanda kwa mafuta ya nazi ya Bibi. Alikuwa ananisimulia mambo ya wakubwa ambayo mama asingeyakubali, na mie nilikuwa namkanda polepole makusudi ili hadithi isiishe. Bibi akipita alikuwa ananionya. Alikuwa ananiita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu. "We mke mwenza, taratibu. Mjamzito hakandwi kwa pupa. Utamharibia mtu mwanawe."

Sasa siku moja, Mamdogo anasimulia jambo tamu, nikajisahau. Nikakandamiza gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nilipoliondoa, pale pakabaki shimo.

Nikalitazama nikisubiri lijae. Halikujaa. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini kama tulivyofundishwa kucheza kombolela, shimo lipo, linanitazama. Nikajibonyeza mguu wangu mwenyewe: ngozi ikarudi hapo hapo. Nikabonyeza wake tena pembeni, taratibu sana safari hii, nikidhani labda la kwanza lilikuwa bahati mbaya. Yakawa mawili. Nikamfunika miguu kwa kanga, nikasema nimechoka, nina hesabu za kufanya.

Usiku ule nilijipangia maelezo, na maelezo ya mtoto wa miaka tisa yana mantiki yake. Nilishawahi kuwasikia wakubwa wakisema mtoto tumboni analala kwenye maji. Basi haya yaliyo miguuni ndiyo maji yake. Mie ndiye niliyeyateremsha, kwa siku zote nilizokuwa nakanda kuanzia gotini kwenda chini. Nimemkausha mtoto wa watu. Bibi alisema nitamharibu, na nimemharibu.

Dawa nikaipata mwenyewe: kuyarudisha. Kesho yake nikaanza kukanda kutoka vidoleni kwenda juu. Nikifika gotini napandisha, napandisha, kama mtu anayebana dawa ya meno kutoka mkiani. Mamdogo akasema, "Leo umejifunza wapi? Raha kweli." Mie nikaendelea kupandisha. Nilifanya hivyo siku tatu, na kila siku kabla ya kuanza nilikuwa nabonyeza kidogo kuona kama maji yamepungua. Yalikuwa yanazidi.

Siku ya pili ya kukanda kwenda juu Mamdogo alianza kulalamika kichwa. Yeye, ambaye panadoli alikuwa hajui ladha yake. Siku ya tatu aliniuliza kwa nini nawasha na kuzima taa. Saa tisa mchana, tuko barazani, na umeme hakuna.

"Sijawasha, Mamdogo."

"Basi vimulimuli hivi vinatoka wapi?" Akafuta hewa mbele ya uso wake kwa mkono.

Bibi alipoelezwa, hakusita. Kijicho. Watu wamesifu mno, na miongoni mwa wanaosifu wapo wasiopenda. Akachoma ubani, akamfukiza Mamdogo mwili mzima chini ya shuka, na kuanzia hapo akakataza wageni. Nikasimama mlangoni moshi unaniingia machoni, najua mwenye makosa siyo jirani. Nilijiambia nitasema kesho. Mnajua kesho ya mtoto ilivyo.

Kesho yake ilikuwa siku ya mechi. Wanaokaa Chamazi wanaelewa: uwanja ukiwa na mechi kubwa mtaa wote unageuka njia, tangu saa saba watu wanapita na vuvuzela. Mamdogo alikuwa amelala chumbani, mapazia yameshushwa. Alikuwa ameshika chini ya mbavu, upande wa kulia, anasema panachoma. Akatapika. Kisha akaniuliza kama nimesharudi shule. Nikamwambia leo Jumamosi. Akafumba macho, akaniuliza tena, kama nimesharudi shule.

Nilitoka nikamkuta Bibi uani anapuliza makaa ya kifukizo. Sikuwa nimepanga maneno. Nikasema tu, "Bibi, siyo kijicho. Ni mie ndo nimemharibu."

"Umefanyaje?"

"Nimemtoboa miguu."

Alinitazama kwa muda, kifukizo mkononi. Nadhani alitaka kunizaba kofi la kumchezea akili wakati kama ule. Lakini nilikuwa nalia, na mie si mtoto niliyekuwa nalia ovyo, kwa hiyo akaweka kifukizo chini akanifuata ndani. Nikafunua kanga. Nikamwonyesha hapa na hapa. Bibi akainama, akabonyeza kwa gumba lake mwenyewe, akatoa. Shimo. Akapanda mpaka kwenye muundi, akabonyeza. Shimo. Akamgusa mwanawe uso, chini ya jicho, uso ule ule aliokuwa anausifia, akawa kama anauona kwa mara ya kwanza.

Akakaa kitandani taratibu. "Mwanaidi alikuwa na miguu hii," akasema.

Bibi Mwanaidi alikuwa dada yake, nilimjua kwa jina tu. Kwetu ilisemwa alichukuliwa na shetani la pwani akiwa na mimba ya kwanza, akatetemeka siku nzima akafa, na mambo yakaishia hapo, hayazungumzwi. "Miguu hii hii," Bibi akarudia. "Na sie tulikuwa tunamsifu. Mie mwenyewe nilimsifu." Kisha akainuka, na sijawahi kumwona mtu mzima akiinuka haraka vile. "Mkimbilie Saidi. Mwambie alete bajaji mpaka mlangoni. Mwambie nimesema mie."

Saidi alikuwa jirani yetu, na siku ya mechi kwake ilikuwa siku ya mavuno. Nilimkuta barabarani ameshapakia mashabiki watatu wenye jezi. Nilipomwambia Mamdogo anaumwa hakuuliza mara mbili, akawageukia abiria wake: "Jamani, shukeni, nina mjamzito." Wakashuka. Mmoja wao, kaka mnene mwenye uso uliopakwa rangi, akaja na sie mpaka nyumbani, akasaidia kumshika Mamdogo mkono mmoja Bibi akishika mwingine. Halafu akatangulia mbele ya bajaji kwa miguu, anapuliza vuvuzela na kupiga watu mabega: "Pisheni, mjamzito, pisheni." Barabara ilikuwa imejaa pomoni, ikafunguka. Na mie sijui hata leo kama alifika uwanjani kuuona mpira wake.

Bibi alinipakia na mie. Nilijua kwa nini: mwenye makosa anapelekwa na ushahidi.

Hospitali muuguzi alimfunga Mamdogo kile kitambaa cha mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Akasema presha iko juu sana. Bibi akakataa. Presha ni ugonjwa wa watu wazima, sie wenye mawazo na wanene wa mjini, mtoto wa miaka ishirini na tatu presha aitoe wapi, hajawahi kuumwa hata mafua ya maana.

"Mama yangu, shikamoo," muuguzi akasema, huku mikono yake haijaacha kufanya kazi, anafungua hiki anachoma kile. "Hii inaletwa na mimba. Haimwangalii mtu kama ni mzima. Wanaokuja hapa wengi walikuwa wazima kabisa, ndo maana tunawaambia waje kliniki wakati hawaumwi. Ningempima mwezi uliopita tungeijua mapema. Kadi yake iko wapi?"

Bibi akavuta ushungi wake mbele kidogo, akautengeneza, ingawa ulikuwa haujakaa vibaya.

Wakamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Hilo ndilo jina, na nilipolisikia nilielewa kwamba lile shetani la Bibi Mwanaidi lilikuwa na jina la hospitali muda wote. Daktari akasema mtoto lazima atolewe leo hii, maana dawa ya ugonjwa huu ni mimba kuisha, hakuna nyingine. Kitanda kikasukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Mamdogo alipita mbele yangu macho yamefumba, na miguu yake mikubwa imetokeza nje ya shuka.

Tukabaki kwenye benchi. Yule muuguzi akatoka na karatasi ya kuandika maelezo, akauliza nani aliyegundua uvimbe. Bibi akaniashiria kwa kidevu. Basi, nikajua sasa ndiyo zamu ya polisi. Nikaanza kuomba msamaha pale pale, mfululizo, kwamba sikukusudia, nilikanda kwa nguvu, maji ya mtoto yakashuka, nimejaribu kuyarudisha siku tatu hayarudi.

Muuguzi akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyekesha kazini. "Sikiliza mwanangu. Wewe hukumtoboa mtu. Yale maji yalikuwa yameshajaa mwilini kwa ule ugonjwa, kidole chako kimeyaonyesha tu. Siyo kila mjamzito akivimba anaumwa, wengi miguu inavimba na ni wazima. Lakini uso, mikono, kichwa, na vile vimulimuli, hapo mtu hangoji. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilikuwa nalia bado, ila sasa nalia kwa kutuliwa mzigo, na ni kilio kitamu, nawaambieni ukweli.

Mtoto akatoka kabla ya magharibi. Wa kike, mdogo hata mikono miwili ya mtu mzima ingemtosha. Mamdogo hakumwona mpaka kesho yake mchana, maana walikuwa wanamchunga kwa sindano na kumpima kila mara. Kumbe na baada ya kuzaa ugonjwa ule unaweza kurudi, mtu hachekelei haraka. Siku mbili Bibi hakula. Siku ya tatu presha ikaanza kushuka, na Mamdogo akauliza nani ameshinda mpira. Hapo Bibi akatoka nje ya wodi, nikamfuata, nikamkuta ameegemea ukuta analia bila sauti, na aliponiona hakujificha.

Mtoto akafungwa kifuani kwa Mamdogo, ngozi kwa ngozi, ndivyo wanavyowakuza waliozaliwa kabla ya siku. Mamdogo akichoka, Bibi anapokea. Kikongwe yule, mwenye aibu zake zote za pwani, alikaa amefunua kifua mbele ya wodi nzima, mjukuu amelala hapo kwa kitenge, na akija mtu kumsalimia anaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Mtoto yule leo ni mrefu kuliko mie, anasoma ualimu, na ana maneno kama mama yake.

Bibi alibadilika, ingawa hakuwahi kutangaza. Hakuacha ubani, wala hakuacha kuamini kijicho. Aliongeza tu. Mjamzito yeyote aliyepita mbele ya baraza yetu alikuwa anaitwa: "Hebu njoo, keti. Kichwa vipi? Kadi yako iko wapi?" Wengine walikuwa wanazunguka mtaa wa pili kumkwepa. Mie nilikuwa naona haya, nikamwambia watu wanamwona mbea. "Na wanione," akasema. "Mwanaidi alikosa mbea."

Lakini nilitaka kuwasimulia siku ya arobaini. Mama mkwe wa Mamdogo alikuja kutoka Kigamboni kumchukua mzazi na mtoto. Hospitali alikuwa hakufika, alikuwa safarini Lindi kwenye msiba, na kwenye simu alikuwa ameambiwa tu kwamba amejifungua kwa upasuaji, wote salama. Mamdogo akatoka chumbani amevaa vizuri, amepakwa hina. Maji yote yalikuwa yameshatoka mwilini, na nyama hakuwa nazo. Mabega yake yalikuwa yale yale aliyokuja nayo, labda membamba zaidi.

Mama mkwe akamtazama juu mpaka chini. "Mkwe," akamwambia Bibi, kwa adabu lakini ikasikika, "mbona mwanetu kakonda hivi?"

Nikamtazama Bibi. Lilikuwa ndilo neno aliloliogopa kuliko yote, na limesemwa mbele ya majirani, ndani ya nyumba yake.

"Kakonda," Bibi akasema. "Nilikuwa namnenepesha nikuoneshe, na ule unene nusura nikurudishie na sanda. Mchukue hivyo hivyo, mkwe wangu. Huyu ndiye mzima." Kisha akamweleza yote bila kujipunguzia: kadi aliyoidharau, sifa za majirani, pete iliyobana, kichwa, vimulimuli, ubani. Akanishika mkono akasema, "Na huyu ndiye aliyeona. Mie nilikuwa naangalia mashavu."

Mama mkwe alikuwa amesimama muda wote huo. Akakaa kwenye mkeka polepole, mkoba wake bado begani.

"Nyumbani nina mwingine," akasema. "Binti yangu, kaja kwangu kuzaa. Ana miezi minane." Akautua mkoba. "Na juzi tumemtoa pete kwa sabuni."

Bibi akaingia chumbani, akatoka na baibui lake, na akaniambia nikamwite Saidi.